Muuguzi wa Ntobeye anayeogopa swali moja

Mvuke wa chai umejaa jikoni, na Koleta Gaspari anasukuma chapati huku midomo yake ikicheza. Ukimtazama kutoka mezani utadhani anasali, kumbe anakariri. Ni dalili za kifafa cha mimba, kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine. Akikwama anarudi mwanzo bila kuinua macho.

Mgahawa uko jirani na stendi ya mabasi mjini Ngara. Vijana wa bodaboda wanaokunywa chai hapa humwita nesi. Asubuhi hii mmoja anamwomba amtazamie kidonda mguuni. Koleta anamwambia aende hospitali, kisha anarudi kwenye moto.

Cheti cha chuo anacho. Leseni ndiyo hana, na haipati mpaka afaulu mtihani wa usajili. Ameufanya mara mbili na mara zote ameanguka. Sasa, akiwa na miaka ishirini na saba, anajiandaa kwa mara ya tatu.

Mara ya kwanza anailaumu lugha. Kwao ni Ntobeye, kwenye familia ya wakulima wa migomba na kahawa. Nyumbani walisema Kihangaza, Kiswahili akakikuta shuleni, Kiingereza kikaja juu ya hapo. Wodini wakati wa mafunzo alisifiwa, lakini ndani ya chumba cha mtihani alilisoma kila swali mara tatu ndipo alielewe, na muda ukamwishia njiani.

Akarudi kijijini, akaomba kujitolea katika zahanati moja. Aliruhusiwa kufagia na kupima uzito wa watoto. Siku moja mganga mfawidhi alimkuta anamchoma mtoto sindano. Alimtoa nje mbele ya akina mama na kumwambia kwamba, bila leseni, mtu akidhurika mikononi mwake ataozea jela. Koleta hakurudi tena pale, ila maneno yale aliondoka nayo.

Hayakupita majuma mengi, Keza akashikwa na uchungu.

Keza ni jirani aliyekua naye, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimwanza mchana, kabla ya siku zake, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Pikipiki iliyoitwa ikanasa kwenye tope mteremkoni. Mtoto akazaliwa sakafuni, akapokewa na mama mkwe wa Keza, bibi Ntirampeba. Hakulia.

Koleta alikuwa ameitwa mapema. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilijua cha kufanya," anasema. "Unamkausha, unamsugua mgongo, unamsafisha kinywa, unampa hewa. Hayo yote ni ya dakika ya kwanza. Mimi dakika ya kwanza niliimalizia mlangoni, nawaza jela."

Bibi Ntirampeba aligeuka akamtazama.

"Si ndiyo kazi uliyosomea?" alimuuliza.

Hapo ndipo Koleta alipoingia akamchukua mtoto. Alimpulizia hewa mpaka mwenyewe akaishiwa pumzi, na bibi ndiye aliyemshika bega kumwambia inatosha. Jioni ile walimzika nyuma ya nyumba.

Hakuna aliyempeleka polisi wala mahakamani. Keza hakumtukana hata kidogo, ila aliacha kupita njia ya kwao. Huenda mtoto yule asingepona hata kwa mwenye leseni. Hivyo ndivyo anavyofarijiwa na Jovitha, rafiki aliyesoma naye, ambaye sasa ni muuguzi wilayani Biharamulo. Koleta humsikiliza, lakini faraja hiyo haimwingii.

Miezi michache baadaye aliingia kwenye mtihani wa pili. Safari hii Kiingereza hakikumsumbua, maana Jovitha alikuwa amemfundisha kwa simu kila Jumapili. Akajibu vizuri mpaka katikati ya karatasi, akakutana na swali la mtoto mchanga aliyezaliwa bila kulia. Aeleze atakachofanya katika dakika ya kwanza.

"Nililisoma mara moja tu nikalielewa," anasema. "Halafu nikaiona sakafu ya kwa Keza."

Msimamizi alidhani anaumwa, akamletea maji. Karatasi yake ilikusanywa ikiwa tupu kuanzia swali hilo hadi la mwisho.

Matokeo yalipotoka, mama yake, Avelina, alimfungia maharage na ndizi, akamwambia akatafute kazi mjini, kazi yoyote. Ndivyo alivyofika mgahawani. Ujira unamtosha kulipia chumba na kununua vocha za kuzungumza na Jovitha. Vitabu anavisoma vyote isipokuwa sura ile moja. Jovitha akiigusa, Koleta husema mtandao unakatika.

Mwezi uliopita Keza aliingia mgahawani akitokea kliniki. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi. Aliagiza chai, akasubiri wateja wapungue, akamwita Koleta akae. Ni mjamzito tena. Aliuliza mtihani ni lini, na Koleta alipomtajia mwezi, Keza alihesabu kwa vidole.

"Basi nitazaa ukiwa bado huna leseni, dada," alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Koleta anasema afadhali ingekuwepo.

Ndipo Koleta akampa wazo lililomjia papo hapo: siku zikikaribia, Keza aje akae naye chumbani, maana kutoka pale mpaka hospitali ni mwendo mfupi kwa miguu. Keza alisema atamuuliza mumewe, Anold, na mama mkwe. Akamaliza chai yake akaondoka.

Koleta ameshaazima godoro la pili. Kuhusu mtihani hajidanganyi. Anasema asipofaulu safari hii hatarudia, na kuna siku huamka akijua kabisa kwamba hatafaulu. Anachokitaka sasa ni kidogo kuliko leseni.

"Azae hospitali, apokewe na watu wengine," anasema. "Mimi nikae nje kwenye benchi. Nikimsikia mtoto analia, labda nitaweza kulijibu lile swali."

Kutoka kwa Anold na mama yake hakujaja jibu lolote.