Kiondo Kwenye Baiskeli ya Baba

Juzi nilipeleka baiskeli yangu kwa fundi pale Sultan Hamud nikitaka aniwekee kishikio cha chupa ya maji. Aliinama, akapapasa paipu juu na chini akitafuta matundu ya skrubu, akakosa. Akaniambia kwa upole kwamba fremu ya aina hiyo haikubali chupa, labda ninunue baiskeli nyingine. Nilicheka mpaka akaniangalia vibaya. Rafiki yangu, habari za chupa na baiskeli isiyo na matundu mimi sifundishwi na mtu. Hayo niliyamaliza nikiwa mtoto, kule Kasikeu.

Baiskeli ya wakati huo ilikuwa ya baba, nyeusi, nzito, na keria ya kubeba gunia la pojo au mbuzi aliyefungwa miguu. Mama alikuwa kazini Mombasa, kwa hiyo nililelewa na nyanya, mamake baba. Nilipoingia madarasa ya juu, shule ikawa mbali, na baba, ambaye alikuwa mwashi, akanikubalia niipande wiki ambazo kazi yake iko karibu. Kiti sikukifikia. Nilipitisha mguu chini ya paipu ya juu, nikaendesha nimeinama upande mmoja, na msichana mimi, bado niliwapita wavulana.

Shida ilikuwa maji. Kisima cha shule kilitoa maji ya chumvi, kwa hivyo kila mtoto alijibebea ya kunywa. Chupa nikiitia mkobani inavuja, vitabu vinavimba. Nikiining'iniza kwenye usukani inabembea, inauvuta usukani, nami niko chini kwenye barabara ya murram. Siku niliyorudi nyumbani na goti limepasuka na breki ya baba imepinda, aliniosha goti, kisha akasema lake. Baiskeli ibaki nyumbani. Muhula ujao nitaenda kwa shangazi, kijiji cha Tulia huko Kitui, ambako shule iko mlangoni.

Nililia sana. Shangazi hakuwa mtu mbaya, na Tulia haikunikosea chochote, lakini huko hakukuwa na nyanya. Yeye ndiye aliyenipikia isyo kila jioni, mahindi na kunde zilizochemka mpaka zikalainika, na ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Kumwacha sikuweza hata kufikiria.

Basi nikaanza kuhangaika na chupa. Nilikata tyubu kuukuu vipande virefu, vile tunavyoviita blada, nikaifunga chupa kwenye paipu kwa nguvu zangu zote. Kwenye mteremko wa kwanza blada zikanyooka na chupa ikaponyoka, ikabiringika mpaka kwenye makonge. Jirani akanionea huruma, akaleta waya. Waya ukakwaruza rangi, ukatoboa chupa, na baba akazidi kukasirika.

Nyanya alikuwa akitutazama tu, ameketi kivulini, anasokota nyuzi za katani pajani. Siku baba alipokwenda kazini kwa miguu, akaniambia nilete baiskeli, niipande taratibu mbele yake. Alitazama mahali mguu wangu unapopita. Halafu akachagua ile pembe ya mbele, karibu na shingo ya baiskeli, ambapo mguu haufiki. Akaizungushia paipu blada kwanza, ili kitu kisiteleze. Juu ya blada akaanza kusuka kiondo palepale, kwenye chuma chenyewe, kwa nyuzi alizolowesha maji. Chupa alikuwa ameiweka katikati, akisuka kuizunguka. Nyuzi zilipokauka hakikusogea hata kidogo. Harufu ya katani mbichi ilijaa uani, na mimi nilishika chupa siku nzima mpaka vidole vikafa ganzi.

Kilitoka kizuri, chembamba, na mistari ya rangi nyekundu na zambarau.

Baba aliporudi jioni alikizunguka mara kadhaa. Kwetu mwanamume habebi kiondo. Atabeba gunia, atabeba mbuzi, lakini kiondo ni cha kina mama. Na hiki hakikuwa na mshipi wa kufungua. Kilikuwa kimesukwa kikawa kitu kimoja na baiskeli yake.

"Mwaitu," akamwambia mamake, "hii ni baiskeli ya mwanaume. Nitaenda nayo soko aje, na kiondo?"

Nyanya hakuinua macho. "Usiende nayo. Kiondo si ni ya mwanamke? Wacha baiskeli ikae na huyu msichana."

Baba alikuwa na kisu mfukoni, na angeweza kukikata. Lakini ni mwanamume gani wa kwetu angekata kiondo cha mamake, naye mwenyewe ameketi hapo anatazama? Akanawa mikono, akaomba chakula. Kesho yake akaenda kazini kwa miguu tena, nami nikaenda shule na maji yangu, hata tone halikumwagika. Wavulana walinicheka, kisha jua lilipokuwa kali wakaja kuniomba maji.

Siku hizi ukipita Kasikeu, watoto wanapelekwa shule kwa bodaboda. Makonge ya mipakani yameng'olewa, na kina mama wanasuka kwa nyuzi za dukani ambazo hazihitaji paja la mtu. Baiskeli ya baba ilikwenda na wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kiondo kikiwa bado kimeishika. Nyanya tulimzika nyuma ya nyumba.

Chupa ingekaa vizuri tu katika mfuko usio na rangi. Ile nyekundu na ile zambarau aliziweka makusudi, ili baba aone haya kuipanda. Hakuwahi kuniambia, na sikuhitaji kuambiwa. Tulia haikutajwa tena nyumbani kwetu. Nililala kitanda kimoja na nyanya mpaka nilipomaliza shule, na tangu siku ya kile kiondo sijapiganiwa na mtu namna ile.