Nguzo Ndefu Kwenye Grafu ya Profesa

Miaka hiyo nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya utafiti ya chuo kikuu kimoja, tawi la Bungoma. Mkurugenzi wetu, profesa mmoja wa Kanduyi, aliamini kwamba tafiti zinachelewa kwa sababu wahadhiri ni wavivu. Kila mkutano aliwahubiria. Wao waliitikia kwa vichwa, wakanywa chai, wakaenda zao.

Siku moja aliniita. "Wewe si uko na kompyuta? Nionyeshe hawa wavivu ni akina nani."

Niliifanya kazi hiyo kwa raha ya mbea aliyepewa ruhusa. Nilifuatilia kila ombi la utafiti, nikapima limekaa wapi na kwa muda gani. Halafu nikachora grafu, na raha yote ikaniishia. Nguzo za wahadhiri zilikuwa fupi. Iliyopanda mpaka juu kabisa ilikuwa ya mkurugenzi mwenyewe. Maombi yalikuwa yakingoja sahihi yake.

Nikaenda Kitale kumwonyesha naibu wake, mama mmoja daktari wa kilimo aliyesimamia tawi la huko. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Usibadilishe kitu," akasema. "Lakini mpelekee akiwa ameshiba."

Nikangoja profesa amalize kuku wake wa mchana, nikamwekea karatasi mezani.

"Hii ndefu ni ya nani?"

"Ni ya ofisi, Prof."

"Ofisi gani?"

"Hii tuko ndani."

Akaangalia grafu, akaangalia faili zilizorundikana dirishani. "Ati mimi ndio mvivu?"

"Grafu haisemi mambo ya uvivu, Prof. Inasema tu faili ziko wapi."

Nikaanza kujiona nimefutwa kazi, nikiuza mahindi Moi's Bridge.

"Basi hao watu nimewasema bure," akasema mwishowe.

Mkutano uliofuata aliionyesha grafu yeye mwenyewe, akaomba radhi. Chai ilipoa vikombeni. Maombi madogo akayakabidhi kwa naibu ayatilie sahihi, na wahadhiri wakaanza kuonekana mashambani, kwenye tafiti zao.

Shida ni kwamba sasa alipenda grafu kupita kiasi. Hata karamu ya kufunga mwaka alitaka data iamue ifanyiwe wapi. Nikauliza wafanyakazi wote. Kitale ikashinda Bungoma kwa mbali.

Profesa, aliyetaka Bungoma, akaikazia macho ile karatasi. "Hii data bado haijaiva, bana. Rudia."

Nikarudia. Tulikula Kitale.