Makochi ya Jirani

Hata leo nikiikumbuka siku ile, roho inanichafuka.

Mama mdogo wangu ni mjane, anaishi kijijini Marani. Nyumba yake ni ya udongo, na ana ugonjwa wa sukari. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wasiojiweza watalipiwa bima ya matibabu, ila kwanza maafisa wapite nyumba kwa nyumba wajionee nani anacho na nani hana. Akikubaliwa, angepata dawa bila kukatiza.

Mimi nafundisha shule ya Nyanchwa, kwa hivyo siku maafisa walipokuja nilichelewa. Nilipoingia nilishika mdomo. Si alikuwa ameambiwa kuna wageni? Huku kwetu mgeni hakalishwi popote tu. Alikuwa ameazima makochi kwa jirani, pamoja na vitambaa vyake vya kufumwa, na juu ya meza akaweka runinga, na stima hana! Afisa amejiegemeza, anakunywa chai ya maziwa na kumenya ndizi mbivu, huku akibonyeza majibu kwenye simu. Makochi, yapo. Runinga, ipo.

"Ni vya jirani hivyo," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi naandika ninachokiona."

Mama mdogo akanikata jicho. "Unaniaibishia wageni?"

Na huyo jirani sasa! Mfanyabiashara, ana lori na shamba la majani chai mpaka mtoni. Makochi aliyatoa mbio mbio, akicheka. Lori akalipeleka Suneka, nyumba ya mawe akaifunga kwa kufuli, akawapokea maafisa kwenye jiko la zamani la marehemu mamake, limejaa moshi, yeye ameketi kwenye kigoda, amevaa gambuti zilizopasuka. Mtu mzima na akili zake!

Majibu yalikuja kwa simu. Jirani hajiwezi, serikali itamlipia. Mama mdogo anajiweza, ajilipie. Sabato iliyofuata jirani akasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kuwakumbuka wanyonge, na watu wakaitikia amina. Nilisonya kwa sauti, wakageuka kunitazama. Wanitazame! Kinyaa kilinishika hadi nikatoka nje kutema mate.

Mama mdogo alikuwa tayari ameanza kuruka siku za dawa. Nilipomweleza majibu, aliweka mikono mapajani. Hakumlaumu jirani wala afisa.

"Labda ni ile chai na ndizi tu, mwanangu," akasema. "Wakirudi, tuwachinjie kuku."