Divai ya Boksi ya Huhana Marinovich

Huhana Marinovich aliendesha basi la shule kwenye mji mdogo wa Kaitaia kwa miaka thelathini na moja. Siku ya kuagwa alipostaafu, wenzake walimpa boksi. Ndani mlikuwa na ndoo kubwa yenye mfuniko, mfuko wa juisi nzito ya zabibu, pakiti ya hamira na kijitabu.

"Jitengenezee divai, ulale mpaka jua likuchome," walimtania.

Lakini usingizi haukumjia. Mwili ulizoea kuamka alfajiri, na akishaamka hapakuwa na pa kwenda. Mvua za Julai zililia juu ya bati bila kuchoka. Asubuhi moja akaosha kila kitu kwa dawa kama kijitabu kilivyoamuru, akamimina juisi na maji, akanyunyiza hamira, akafunika. Kwenye mfuniko palikuwa na kibomba chenye maji kidogo. Mapovu yangepitia humo.

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akapiga simu kwenye duka lililouza boksi lile.

"Nimeiua?"

"Haijafa," akacheka mwanamke wa dukani. "Umeifunua mara ngapi?"

"Mara… tisa."

"Iache, mama. Hiyo si sufuria ya maharage."

Mchana huo jirani yake, Stipan Urlich, aliingia kuazima shoka. Alikuwa na miaka themanini na sita, na mji mzima ulimwita Barba, kama Wadalmatia, wahamiaji wa kutoka Ulaya waliolima zabibu huko, wanavyomwita mjomba. Akaitazama ndoo, akaguna.

"Zabibu ziko wapi?"

"Zilikuja kwenye mfuko, Barba."

"Mfuko! Babu yako akisikia atafufuka aje akuchape."

Hata hivyo mzee, aliyemjua Mate, baba yake Huhana, tangu zamani, akaweka kiganja ubavuni mwa ndoo, kama anayepima homa ya mtoto. "Ina baridi hii, binti wa Mate. Hamira imelala. Wewe ungeamka kwenye baridi hii?"

"Mimi huamka. Ndiyo shida yangu."

Wakaisogeza karibu na jiko la kuni, wakaizungushia blanketi. Huhana alikuwa amesinzia kitini aliposikia povu la kwanza: blup. Akafumbua macho, hakuthubutu kusogea. Blup.

Tangu hapo Barba akawa anakuja kila alasiri "kumjulia hali mgonjwa." Walikaa tu wakisikiliza, harufu ya mkate na matunda ikiwapanda kichwani. Huhana akisinzia alijiona anaendesha basi kwenye barabara isiyo na mwisho. Nyuma yake wamekaa wahenga: babu yake mwenye viganja vya zambarau kwa kukamua zabibu, mama yake akinong'ona Kimaori, lugha ya wenyeji. Kila povu lilipolia, mmoja alikuwa akiomba kushuka, naye Huhana hakutaka kusimamisha basi.

Siku moja akauliza swali lisilokuwa kijitabuni.

"Barba, ule ugonjwa ulioua mizabibu ya shamba letu la zamani ulikuwa upi?"

Mzee akasukuma kuni jikoni. "Hapakuwa na ugonjwa. Mama yako alifariki katikati ya mavuno. Mwaka uliofuata, zabibu zilipoanza kunukia, Mate alishindwa kuingia shambani. Akaleta trekta akaing'oa mizabibu yote. Aliliendesha huku analia."

"Maisha yangu yote nimemwita baba mvivu. Nilidhani aliiacha ife bila kuitibu."

"Alijua unavyomwita. Aliona heri hivyo kuliko ujue uchungu wake."

Huhana akatazama moto. Povu likalia, na jingine, na jingine.

Wiki ya sita wakaitia divai kwenye chupa. Barba akaonja, akaizungusha mdomoni.

"Ina adabu," akasema. "Haigombani na mtu."

"Yaani mbaya?"

"Nimesema ina adabu. Mimina tena."

Kesho yake akaja na gunia lililolowa lenye vijiti vilivyokatwa vizuri.

"Siku ile ya trekta niliokota tawi moja la mzabibu, nikalipanda. Limetambaa juu ya banda langu la kuku mpaka leo."

Huhana akavaa buti. Wakatoka nyuma ya nyumba kwenye matope, akawa anachimbia kijiti kimoja kimoja.

"Vitazaa lini?"

"Miaka mitatu."

"Utakuwa na themanini na tisa, Barba!"

"Nitakuja na mkongojo. Kandamiza vizuri, hapo umeacha hewa."

Huhana akapiga magoti, akaushindilia udongo kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi.