Mkono wa Neema na Kipaza Sauti

Jamani, mimi hili jambo ningependa nife nalo, lakini nimechoka kulisikia likisimuliwa visivyo (mara nilimvunja mtoto kwa kipigo, mara nilimpeleka kwa mganga), basi bora niseme mwenyewe nilivyojiaibisha mbele ya shule nzima, kisha mniache nipumzike.

Mnanijua, nauza dagaa, nakaa hapa Kasingirima, na kazi yangu ya pili ambayo hakuna aliyenituma ni kuchua watu. Mtu akiteguka mguu, akikakamaa shingo, huletwa kwangu, namchua kwa maji ya moto na mafuta ya mawese, na mara nyingi anapona, au anapona mwenyewe mimi nikasifiwa. Sifa ni kitu kibaya, nawaambieni.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, mwanangu Neema, wa darasa la sita, ana miaka kumi na miwili, alikwenda ziwani kufua, akateleza kwenye mawe, akajikinga kwa kiganja. Alirudi ameushika mkono wa kulia kama mtu aliyebeba yai. Kifundo kimevimba. Wifi yangu Shida, dada yake mume wangu, tunayekaa naye, akauangalia akasema, "Wifi, huyu apelekwe hospitali." Nami nilikuwa nimeanika dagaa, wingu limetanda upande wa Kongo, mgongo unaniuma tangu alfajiri, na kesho yake kulikuwa na mahafali ya darasa la saba ambapo nimechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wazazi (kitenge kilikuwa bado kwa fundi!). Nikasema, "Ameteguka tu, vidole si vinacheza? Mfupa ukivunjika vidole havichezi." Sijui hilo nililitoa wapi, ila nililisema kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Nikamchua. Alilia, akasema, "Mama, panauma ndani kabisa," nikamwambia anyamaze, maumivu ndiyo yanatoka. Nikamfunga kitambaa. Usiku huo nililala kama gogo, yeye sidhani.

Asubuhi Neema alisema hawezi kucheza ngoma na wenzake. Nikamwambia atakwenda, mwalimu amemtegemea, asinitie aibu. Mimi ndiye niliyesema hivyo, asinitie aibu.

Basi kule shuleni maturubai yamejaa, meza kuu ina keki, mgeni rasmi ni mzee mmoja mstaafu aliyesoma palepale zamani. Ngoma ikaanza, watoto wote wanapiga makofi, Neema kasimama tu, mkono kifuani, machozi yanamtoka. Watu wakaanza kunong'ona. Zamu yangu ilipofika nikapewa kipaza sauti, na badala ya kusoma karatasi yangu nikaona nianze na mzaha. Nikasema, "Watoto wetu wa siku hizi wanadeka, ndugu mgeni rasmi. Huyu wangu kateguka kidogo, nimemchua mwenyewe, kapona, lakini mnaona anavyojiliza. Neema, njoo umpe mgeni mkono, watu waone."

Watu wakacheka, mimi nikafurahi. Neema akaja taratibu, akanitazama, akasema, "Shikamoo, babu," akanyoosha mkono wa kushoto. Ningeishia hapo! Lakini nikamwambia, "Mtu mzima hapewi mkono wa kushoto," nikamshika ule wa kulia mimi mwenyewe nikaupeleka mbele. Mtoto akapiga yowe, akalia kwa Kiha, "Mawe weee!", yaani mama yangu, na mama mwenyewe ndiye anayemuumiza, akaangukia meza, keki ikaenda chini pamoja na maji ya mgeni rasmi.

Akachomoka mama mmoja kwenye viti vya wazazi, ni nesi. "Mama, mwache! Usimguse! Nani alimchua huyu mtoto?"

Kipaza sauti bado ninacho mkononi, hata sikujua, nikajibu, "Mimi," na ile "mimi" ikasikika uwanja mzima, hadi kwa wauza karanga getini.

"Na hospitali hamkwenda?"

"Nilikuwa na dagaa." Hiyo nayo ikasikika.

Tulipelekwa hospitali kwa gari la mgeni rasmi, suruali yake imelowa. Baada ya mkono kupigwa picha daktari akaniita, kijana mpole (ningependa angefoka), akanionyesha. "Mama, mwisho wa mfupa wa mtoto pana sehemu laini, ndiyo inayorefusha mfupa. Akianguka, hapo ndipo panapokatika kirahisi. Wewe ungeteguka; yeye kavunjika, na mfupa umesogea."

"Na kuchua?"

"Mfupa uliovunjika hauchuliwi, mama."

Nikamuuliza kama mkono utakua. Akasema wataurudisha mfupa mahali pake, watamfunga hogo, ile plasta ngumu, kisha tutangoja, kwa sababu sehemu ile ikiharibika mkono unaweza kubaki mfupi au kupinda, na hilo halijulikani leo wala kesho. Nikakaa kwenye benchi na kitenge changu kipya, sikuwa na nguvu hata ya kulia.

Hogo lilishatolewa, sasa tunarudi kliniki kila baada ya miezi michache, wanapiga picha, wanalinganisha mikono yote miwili. Mpaka sasa inalingana. Daktari anasema tuendelee mpaka aache kurefuka, nami naendelea, nachoka, naendelea.

Lakini linaloniuma ni jingine. Mwezi uliopita Neema alichomwa na msumari mguuni, akachechemea kutoka getini, akanipita mimi nimekaa mlangoni, akaingia ndani kwa shangazi yake Shida. Shida ndiye aliyempeleka hospitali. Mimi nikafuata nyuma nimebeba kandambili za mtoto.

Watu bado wananiletea miguu na shingo zao. Nawarudisha. Nawaambia hospitali ipo, na mwenye mtoto namwambia nikiwa nimesimama kabisa: mtoto akikwambia panauma, usibishane naye, maana ukimbishia mara moja, mara ya pili hatakwambia.