Kipande cha Njia Ambacho Roswitha Hakukipita

Ukitaka kumuudhi Roswitha, mwambie kwamba kupanga matembezi ni kuchora duara kwenye ramani. Tangu alipostaafu kazi ya kupeleka barua ndiye aliyekuwa kiongozi wa matembezi wa chama chetu, huku kwenye milima ya Rhön, na hakuwahi kumpitisha mtu njia ambayo hajaipita kwanza mwenyewe, yote, kwa miguu yake. Ndiyo sheria ya chama. Wiki chache kabla, kiongozi huenda kuona kama kuna mti ulioanguka au daraja lililooza, na huingia kwenye hoteli watakapokula mchana kusalimia wenyewe. Mimi nilikuwa mkia wa msafara, yaani natembea nyuma kabisa ili asiachwe mtu, kwa hiyo kwenye majaribio hayo alinichukua kila mara.

Mzunguko wa vuli ulitakiwa uwe wa wastani, wa kutwa moja, ndani ya msitu wa mibuche, miti mirefu inayopukutisha majani. Aliitandaza ramani juu ya meza ya jikoni akapima njia kwa uzi wa sufu. Kupanda kuwe asubuhi, magoti yakiwa bado na nguvu. Kuteremka kusiwe upande wa kaskazini, maana majani ya mibuche yakilowa hufunika mizizi na huteleza kama sabuni. Na mchana watu wale mezani, supu ya moto. Wenzetu hawa wanaweza kukusamehe mvua, lakini mkate wa mkobani hawakusamehe.

Hapo ndipo uzi ulipokwama. Msituni zilikuwapo hoteli mbili, na moja ilifungwa kiangazi kile. Iliyobaki ni ya Adelheid, mdogo wake Roswitha, nyumba waliyozaliwa wote wawili. Hawakuwa wakisemezana kwa miaka mingi. Mama yao alikata roho siku ya Jumapili hoteli ikiwa imejaa, na Adelheid akangoja wateja wamalize kula ndipo ampigie dada yake simu. Kumbe mama alikuwa amemuulizia Roswitha mara mbili. Alipofika alimkuta ameshafunikwa shuka. Tangu hapo mizunguko yetu yote iliikwepa nyumba ile, na aliyemtaja Adelheid mbele ya Roswitha alikiona cha moto.

Sasa nikaona kidole chake kinatambaa taratibu mpaka kwenye nyumba ile ile.

"Huko?" nikamuuliza.

"Unataka wale majani?"

"Mimi sijasema kitu, bibie."

"Basi endelea kutosema." Akaukunja uzi. "Nimezeeka, Burkhard. Nataka niongee naye kabla mmoja wetu hajafa. Ila watu wawepo. Tukiwa wawili tu, tutalia kama watoto au tutarushiana sahani."

Kupiga simu hakuweza. Kazi ya kuagiza meza alimpa Gerold, mweka hazina wetu, mtu wa kusema sana isipokuwa pale anapotakiwa kusema.

Siku ya majaribio Roswitha alitembea vizuri sana, koti lake jekundu likinitangulia kati ya vigogo vya kijivu. Akaondoa matawi, akaonja maji ya chemchemi, akanikaripia kwa viatu vyangu. Tukatoka ukingoni mwa msitu. Chini yetu paa la hoteli lilikuwa linatoa moshi. Akasimama pale muda mrefu.

"Tushuke," nikasema.

"Ya nini? Kuanzia hapa njia inaonekana."

"Sheria umeitunga mwenyewe."

"Na leo naivunja mwenyewe. Twende."

Akageuka, tukakata msituni mpaka tulipoikuta njia upande wa pili. Nilimtania kwamba nitamshtaki kwa chama. Hakucheka.

Siku yenyewe ilipofika, msafara mzima ulishuka mteremko hadi hotelini ukiimba. Falk, mtoto wa Adelheid, alikuwa mlangoni na aproni. Meza zilikuwa tayari, supu ya viazi inanukia.

"Mama yako yuko jikoni?" Roswitha akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu aliyejizoeza swali hilo njia nzima.

Falk akamtazama, kisha akamtazama Gerold. "Mama mkubwa, hukuambiwa? Mama alipata kiharusi wiki iliyopita. Yuko hospitali ya mjini. Nenda ukitaka, lakini hatakujua. Hata mimi hanijui."

"Falk aliniambia juzi, nilipopiga simu kuhakikisha meza," Gerold akasema, amekuwa mwekundu hadi masikioni. "Nikajua wewe unajua. Na nani angethubutu kukutajia jina lake?"

Ningeweza kumpiga. Lakini alisema kweli, na kila aliyekuwapo alilijua hilo.

"Mama alikuona siku ile uliposimama kule juu," Falk akaendelea, kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Alilijua koti. Akasema, Roswitha anakuja. Akabandika kahawa, akatoa vikombe vya bibi, vile hatuvigusi. Akasimama dirishani mpaka kahawa ikapoa."

Roswitha alikaa, akaagiza supu, hakuigusa. Magari yetu yalikuwa upande wa pili wa mlima, kwa hiyo mzunguko ilibidi umalizwe. Tulipotoka nje hakwenda mbele. Akaniambia, wote wakisikia, "Kipande hiki sijakipita. Ongoza wewe."

Nikaongoza. Tulipoingia msituni nikahesabu watu, mazoea ya mkia, nikakuta mmoja hayupo. Nilirudi nikamkuta amesimama mteremkoni, analitazama dirisha la jikoni.

"Ni karibu hivi," akasema. "Mzee mzima, nikaona uvivu kushuka."

"Haukuwa uvivu, Roswitha."

"Najua haukuwa uvivu," akasema, akaifunga zipu ya koti mpaka kidevuni.