Eti Somoe Anifundishe Mimi Kubangua Korosho

Basi nikamwambia, "Somoe, mimi unifundishe kupaka majivu mikononi?"

Jamani! Somoe huyu niliyemfundisha kubangua mwenyewe, alikuwa anazivunjavunja korosho tu. Kiwanda chetu cha korosho kilipofungwa mimi nikashika vitumbua, yeye akaenda kusoma. Na utu uzima ule! Leo ana kikundi chake cha kubangua hapa Chuno, wanamwita mwalimu.

Mimi moshi wa vitumbua umenimaliza macho. Leo asubuhi nikaenda kwake kuomba kazi, roho inaniuma.

Nikabangua mikono mikavu, bila majivu, makusudi, anione.

Korosho ya tatu tu, mafuta ya ganda yakaniunguza vidole. Wanawake wakacheka: "Bibi fundi huyo!"

Somoe hakucheka. Akanipaka majivu kidole kimoja kimoja. "Pole, dada yangu."

Hapo ndipo wivu ukanizidi. Hata upole kanishinda!

Kaniambia nirudi jioni, niwafundishe wale wapya. Siendi. Nyie mngekwenda?

Nani huyo mlangoni? Somoe?

Nakuja, mwenzangu, usinipigie makelele watu wakasikia. Zuhura mjukuu wangu, acha kuandika haya ninayokusimulia, nipe kanga yangu.